Barua za Kiti Kitupu

Ting.

Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, kama kijiko kilichogonga ukingo wa kikombe, na Idil aliposhtuka alidhani ni ndoto, kwa sababu simu ile aliizima kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kulala, maana mwanawe Robleh alikuwa anaota meno na kelele yoyote ilimwamsha akalia mpaka majirani wakagonga ukuta. Akatega sikio. Feni ilizunguka. Mtoto alihema ubavuni mwake. Na chini ya feni, chini ya pumzi ya mtoto, palikuwa na kitu kingine: majani yananyofolewa kijitini, taratibu, jani, tena jani, halafu kimya kifupi cha mtu anayetafuna.

Hakuna mwanamke wa Djibouti asiyeijua sauti hiyo. Ndiyo sauti ya waume wao alasiri nzima, wamejilaza kwenye mito, vitita vya mirungi vimefunikwa kitambaa kibichi visinyauke. Lakini mumewe Waberi hakuwepo. Waberi alikuwa na lori lake njiani kuelekea mpaka wa Uhabeshi, na mlango Idil aliufunga kwa komeo.

Akasema bismillahi, akawasha taa. Hapakuwa na mtu, wala jani sakafuni. Simu tu, juu ya kabati, kioo chake kinawaka.

Ilikuwa simu ya zamani ya mumewe. Aliponunua mpya alimwachia Idil, na anwani yake ya barua pepe ikabaki humo, kwa sababu ofisi ya malori ilimtumia karatasi za safari kwa njia hiyo na Idil, aliyemaliza sekondari, ndiye aliyemsomea. Usiku ule ilikuwa imeingia barua moja, kwenye kapu la barua taka. Idil akaifungua.

"Waberi, kile kitanda cha bibi harusi ulichokuwa ukikitazama bado kipo. Rudi umalizie."

Hakufikiria majini. Nani angefikiria majini? Alifikiria mwanamke. Alimwona kabisa, ana wanja, ana hina mpaka viwikoni, amekaa kwenye chumba cha kupanga huko Dire Dawa anamsubiri mume wa mtu, na mume wa mtu anamtafutia kitanda, na yeye Idil hapa godoro lake limebonyea katikati kama sahani ya supu tangu alipoolewa na hakuna aliyewahi kumtafutia hata foronya.

Zikaja nyingine. Uturi wa fungate. Uvumba wa chumba cha maharusi. Shuka za hariri. Nyumba ya vyumba viwili, pazuri pa kuanzia maisha. Kila moja ilianza na jina la Waberi, kila moja ilisema ulichokitazama, ulichokiulizia, ulichokiacha, na chini ya kila moja palikuwa na kitufe cha kuthibitisha. Idil alizisoma zote, akazisoma tena, na maziwa yakaanza kumkauka kifuani.

Asubuhi moja akamweka mtoto kiunoni akaenda Balbala kwa binamu yake Saredo, mwenye duka la simu na salio.

"Ohoo, mama Robleh! Umekuja kununua au umekuja kulia?"

"Punguza sauti, Saredo."

"Basi umekuja kulia. Lete."

Saredo akasoma, akacheka mpaka akashika mbavu. "Kwa hiyo mume unampeleleza kwa takataka! Wenzako wanapekua mifuko, binamu, wewe unapekua jaa!"

"Zinajua jina lake."

"Jina lake liko kwenye kila karatasi ya bandari. Sikiliza, mimi kila siku ya Mungu naletewa dawa ya upara wa wanaume. Nina upara mimi?" Akasogeza mtandio, nywele zikaonekana. "Upepo wa khamsini ukivuma, mchanga unaingia mpaka kitandani kwako. Utasema mumeo ndiye aliyeuita?"

"Kwa hiyo haziwezi kunionyesha anachotazama kwa siri?"

Saredo akamkuna Robleh kidevu. "Zenyewe haziwezi. Zinamwagwa kwa watu maelfu, atakayeitika ndiye wao. Ila..."

"Ila nini?"

"Ila zikipatia mno, ujue mtu aliacha anwani yake mahali. Aliulizia jambo, wakamwambia andika anwani, naye akaandika. Hapo sasa wanaanza kumfuata."

"Na hii je? Tazama aliyetuma."

Aliyetuma alikuwa Waberi. Anwani ile ile, herufi kwa herufi. Waberi alikuwa amejiandikia mwenyewe.

"Huo ujanja wa kizamani," Saredo akasema, lakini hakucheka. "Wanavaa jina lako ili uwafungulie mlango. Nitumie moja, niitazame nikitulia. Na wewe nenda ukalale, uso umekuwa kama wa mbuzi siku ya Arafa."

Idil akamtumia moja, akarudi nyumbani. Lakini neno alilokwenda nalo halikuwa mchanga wala khamsini. Lilikuwa lile la mwisho. Aliacha anwani yake mahali.

Siku ya pili yake, saa ile ya jua la utosi, maduka yamefungwa, mji mzima umelala chali kwa joto na njiani hata mbuzi hawapiti, simu ikalia. Barua hii haikutaja kitanda.

"Ukitaka kuona yote aliyoyatazama, thibitisha kwamba umeona na umejua."

Chini yake kitufe kile kile. Alijua asibonyeze. Darasani waliambiwa, dukani ameambiwa, kila mtu anajua. Lakini wivu una kidole chake wenyewe. Akabonyeza.

Ukurasa ukafunguka mweupe mtupu, na katikati maneno machache.

"Asante. Umehesabiwa."

Umeme ukakatika pale pale. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama, na chumba kikajaa harufu: mirungi mibichi, dizeli, na udongo uliolowa, harufu ya mvua ya kwanza katika mji ambao mvua haikunyesha tangu Robleh azaliwe. Idil akamgeukia mwanawe. Alikuwa macho. Hakuwa anamtazama mama yake. Macho yake yalianzia mlangoni, yakaja polepole, yakapita kabatini, yakazunguka mguu wa kitanda, kama mtoto anavyomfuata kwa macho mtu anayetembea chumbani, na yalipofika upande wa pili wa godoro yakatulia, akatabasamu.

Toka hapo barua zikageuka. Hazikuuza tena uturi. "Waberi, umeulizia nguo za mtoto wa kiume anayeota meno." "Waberi, umeulizia nyimbo za kumbembeleza." Na iliyokuja alfajiri ya Alhamisi, siku aliyotarajiwa Waberi kurudi, Idil aliisoma amesimama jikoni, unga wa mikate ya lahoh umemganda mikononi, akahisi nywele za shingoni zinamsimama moja moja, kwa sababu ilisema umeulizia mtoto mwenye baka la rangi ya kahawa nyuma ya sikio la kushoto, na baka hilo halionekani mpaka umkunje mtoto sikio unapomwogesha, na anayemwogesha ni yeye peke yake, hajapata kumwonyesha mtu, hata Saredo, hata mama yake, na chini ya maneno hayo palikuwa pameandikwa, kwa herufi zile zile za biashara: "Yuko tayari. Bado shahidi."

Waberi aliingia mchana, vumbi kichwani, kitita chake kwapani. Akala wali kimya, akanawa, akajilaza kwenye mito, akafunika mirungi yake kwa kitambaa kibichi. Idil akangoja mpaka mtaa ukatulia. Akamweka Robleh mapajani, akamkumbatia kwa mikono miwili.

"Unatafuta mke, Waberi?"

Alitaraji acheke, au afoke. Waberi aligeuka rangi ya majivu.

"Nani amekwambia?" Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeogopa kusikika ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Barua zako. Za takataka."

"Umezisoma?"

"Zote."

"Umebonyeza?"

Idil akamziba mtoto sikio kwa kiganja. Waberi akafumba macho.

"La haula," akanong'ona. "La haula, mama Robleh. Ungeniuliza."

"Nakuuliza sasa. Ni nani?"

Akachungulia pembeni kabla ya kusema. "Unajua lile jangwa la Grand Bara. Jua, mazigazi ya joto, lori na wewe. Utingo wangu aliacha kazi mwaka jana, nikawa naendesha peke yangu, na mirungi hailiwi peke yako, unajua, ni kama kula peke yako, aibu. Basi nikawa naweka kijiti kimoja kwenye kiti cha pembeni. Namwambia karibu, mwenzangu. Mzaha tu wa njiani. Siku moja nikatazama, kijiti kitupu. Majani yote yamekwisha. Nikasema upepo. Safari iliyofuata nimefunga vioo."

"Ukaacha?"

"Nilikuwa nimepata mtu wa kuzungumza naye, Idil."

Nje mbwa alibweka mara moja, akanyamaza kama aliyezibwa mdomo.

"Na handasi za mirungi zikipanda kichwani," Waberi akaendelea, "unatujua. Alasiri tunajenga hoteli, tunasamehe madeni, tunaozana mabinti ambao hawajazaliwa, na ikifika magharibi kila mtu amesahau, wala hakuna mwenye adabu atakayekukumbusha. Sisi hatuhesabu maneno ya mirungini. Nikamwambia nitakuoa. Nikamwambia nilindie njia nisilale kwenye usukani, na nikipata mtoto wa kiume, atakuwa wetu, tutamlea mimi na wewe."

"Hukuwa na mtoto."

"Ulikuwa na mimba yake."

Idil akambana Robleh mpaka mtoto akalalamika.

"Magharibi nikasahau," Waberi akasema. "Yeye hakusahau. Mtoto alipozaliwa akaanza kuniuliza. Ndiyo nikaingia mtandaoni usiku, wewe umelala. Nilitazama namna ya kumwacha mke asiyeonekana. Basi. Nilimwandikia kila tabibu niliyemwona, wa Maroko, wa Sudani, wa wapi, kila mmoja akataka anwani, nikaandika."

"Na kitanda?"

"Kitanda gani?"

"Kitanda cha bibi harusi. Uturi. Nyumba ya vyumba viwili. Nyimbo za kumbembeleza mwanangu!"

Waberi akamtazama muda mrefu, na Idil akaona hana uongo machoni, afadhali angekuwa nao.

"Sijatafuta hata kimoja," akasema. "Hayo anayatafuta yeye. Kwa jina langu."

Akanyoosha mkono ajitulize kwa jani moja, akafunua kitambaa. Kitita kilikuwa kizima alipokiweka. Sasa upande mmoja, upande uliokuwa mbali naye, vijiti vilikuwa vitupu, vyekundu, vimepangwa vizuri kama alivyozoea kuvipanga mtu mwenye adabu ya kutafuna na wenzake.

Hawakungoja jioni. Walimchukua mtoto wakaenda Ambouli kwa Bibi Ardo, mama mtu mzima aliyepunga pepo za wanawake tangu enzi za Mfaransa. Idil alitegemea ngoma, alitegemea mbuzi na kelele. Bibi Ardo hakugusa ngoma. Alitia uvumba kwenye chetezo, akamsikiliza Waberi mpaka mwisho, akamsonya.

"Mwanamume mzima. Umeposa kwa mdomo uliojaa majani."

"Ni mzaha, bibi. Maneno ya mirungini."

"Kwenu mzaha. Kwao neno ni neno. Wewe binti, hizo barua zinasemaje mwisho?"

"Zinataka uthibitishe. Kwamba umeona, umejua."

Bibi Ardo akashusha chetezo chini. "Basi huyu ni jini aliyesoma chuo. Ahadi bila mashahidi ni upepo, hata kwao. Ndiyo maana anamwaga barua. Anatafuta mashahidi. Mwanamume mmoja na wanawake wawili, ahadi imesimama, na akija kuchukua chake hakuna kisomo cha kumzuia. Wangapi wamethibitisha?"

"Mimi," Idil akasema. "Mimi, bibi. Sikujua."

"Mmoja. Mwingine?"

Hapo ndipo Idil alipokumbuka duka la Balbala, na Saredo akicheka, na nitumie moja niitazame nikitulia.

"Binamu yangu anayo moja. Sijui kama amebonyeza."

"Ni mwanamke?"

"Mwanamke."

"Hata akibonyeza, bado mwanamume. Mumeo hahesabiki, yeye ndiye mwenye ahadi." Bibi Ardo akamshika Waberi bega, akamkalisha kwenye mkeka. "Huyu anabaki hapa nimfukize mpaka magharibi, nimtamkishe talaka mbele ya moto. Ahadi ikivunjwa kabla haijasimama, imekufa. Wewe mrudishe mtoto nyumbani, mfukize uvumba, usimwache hata kwenda chooni. Na mfunge mdomo huyo binamu yako. Asimwonyeshe mtu. Unanisikia, binti? Mtu yeyote."

Kwenye teksi Idil alipiga, akapiga, akapiga. Simu ya Saredo iliita mpaka ikakata. Ni saa za kulala, alijiambia, dukani kumefungwa, Saredo amelala mdomo wazi kama kawaida yake, hana analolifanya, hana anayezungumza naye. Alipofika akafunga mlango, akafunga madirisha, akamfukiza Robleh uvumba, akamlaza katikati ya godoro, naye akakaa chini, shavu lake kando ya shavu la mtoto, anasoma kila aya aliyofundishwa, zilizokamilika na zisizokamilika.

Simu ikaita. Saredo.

"Binamu! Mara zote hizo? Kuna msiba?"

"Saredo. Ile barua. Umeibonyeza?"

"Ile takataka? Aa, mbona unapumua hivyo? Nilibonyeza juzi ile ile, nilitaka kuona wanauza nini. Ukurasa mweupe, eti asante umehesabiwa. Wajinga."

"Sikiliza, sikiliza vizuri, usimwonyeshe mtu yeyote, unanisikia, leo usimwonyeshe mtu, naomba, kwa haki ya mama zetu."

Upande wa pili kijiko kikawekwa kwenye sahani.

"Saredo?"

"Nilimwonyesha Guedi," Saredo akasema, na kile kicheko kilichokuwa sautini mwake kikaanza kuondoka. "Mume wangu tu, binamu, sasa hivi tukila. Tulikuwa tunacheka. Nikamwambia tazama, shemeji yako Waberi anatafutiwa kitanda. Yeye naye akabonyeza, kwa utani tu. Kuna nini? Idil? Nimekosea?"

Idil akageuza shingo. Mlangoni komeo lilikuwa mahali pake. Dirisha lilikuwa limefungwa. Chumba kilinuka udongo uliolowa, harufu nzito kiasi kwamba uvumba ulikuwa kama haupo, na Robleh, aliyekuwa amelala, alikuwa amefumbua macho, anatazama juu, si mbali, karibu kabisa, umbali wa uso wa mtu aliyeinama, akacheka, akanyanyua mikono yake miwili kama anavyomnyanyulia mtu anayekuja kumbeba, na Idil akamrukia, akamshika miguu yote miwili kwa nguvu zake zote, huku godoro, lile godoro lililobonyea chini ya mgongo wa mtoto, likianza kuinuka taratibu kurudi kama lilivyokuwa, likajaa, likanyooka, na miguu ile midogo mikononi mwake ikazidi kuwa miepesi, ikivutwa juu bila haraka, na mwenye kuivuta hakuwa na shaka hata kidogo kwamba ni haki yake, na kutoka kwenye simu iliyoanguka sakafuni sauti ya Saredo ilikuwa bado inakuja, ndogo, inalia sasa, inaapa, "Idil, nisamehe, basi sitamwambia mtu mwingine, wallahi binamu, naapa kwa Mungu, sitamwambia mtu mwingine."